Mpira Wenye Nguvu na Oili Yenye Joto: Uchambuzi wa Ufungaji wa Vipoza Oili Katika Gereji za Kampala

Kipoza oili ni rejeta ndogo ambamo oili ya injini au ya gia boksi hupitishwa ili ipoe kabla ya kurudi kazini, na mipira inayoipeleka huko na kuirudisha ndiyo sehemu ya mfumo huo ambayo jijini Kampala mara nyingi hutengenezwa gereji badala ya kununuliwa ikiwa tayari. Sababu yake inaeleweka kwa urahisi: gari limekuja kutoka Japani likiwa limeshatumika miaka mingi, mpira wake wa awali umekauka na kuchanika, na mwingine wa kiwandani wa aina ileile ama haupatikani ama bei yake inamshinda mwenye gari. Hapo fundi hukata kipande kutoka kwenye bunda la mpira, akakitia vichwa vya chuma, akakibana kwa mashine, na gari likaondoka siku hiyohiyo. Kazi hiyo ni ya lazima na ina heshima yake, lakini matokeo yake hayalingani, kwani mpira mmoja hudumu miaka na mwingine huanza kutoa jasho la oili kabla ya mwezi kwisha, ingawa yote miwili imetoka bunda moja. Uchambuzi huu unatafuta chanzo cha tofauti hiyo, na hoja yake kuu ni kwamba mpira wa oili huchaguliwa kwa kigezo cha kuhimili shinikizo, ilhali mambo yanayouua ni joto, kutolingana kwa viungo, uchafu na njia mbaya unayopitishwa.

Gari, jiji na haja ya kupoza

Magari mengi ya Uganda hushushwa Mombasa au Dar es Salaam yakiwa tayari yametumika, kisha yakavuka mpaka hadi Kampala. Marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018 yalipiga marufuku kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu lilipotengenezwa, maana yake gari la miaka 12 au 13 bado linaweza kuingia sokoni kihalali na kuhesabiwa na mnunuzi kuwa gari jipya kwake. Chuma cha gari la namna hiyo huweza kuwa na maisha marefu mbele yake, lakini mpira hauna bahati hiyo, kwa kuwa huzeeka hata gari likiwa limesimama: joto na oksijeni huufanya ugumu, ukapoteza unyumbufu, na mwishowe ukapasuka pale unapokunjwa au unapobanwa. Ndiyo maana swali la mipira haliwahusu wapenda mbio za magari peke yao, bali humfikia pia mwenye gari la kawaida ambaye hakuwahi kusikia habari za vipoza oili hadi alipoona doa jeusi chini ya gari lake.

Kampala yenyewe si jiji la joto kali, kwani ingawa liko karibu na ikweta, mwinuko wake wa takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari huifanya hewa ya mchana iwe ya wastani. Hata hivyo mwinuko huohuo una gharama yake, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya kumi, na hewa nyepesi hubeba joto pungufu inapopita kwenye mapezi ya rejeta. Jambo zito zaidi ni foleni. Kipoza kinachotegemea hewa hufanya kazi kwa upepo wa mwendo, na gari linapotambaa Jinja Road wakati wa jioni, au linapopanda moja ya vilima vya jiji likiwa na abiria na mizigo, upepo huo haupo, hivyo kipoza kisichokuwa na feni yake hutegemea feni ya rejeta ya maji pekee. Gia boksi za otomatiki ndizo huumia zaidi katika hali hiyo, kwa kuwa toki konveta, yaani kifaa kinachohamisha nguvu ya injini kwenda kwenye gia kwa kuzungusha oili, hutoa joto jingi pale hasa injini inapozunguka kwa nguvu na magurudumu yakawa yanakwenda polepole.

Pamoja na hayo, si kila gari linahitaji kuongezewa kipoza, na uaminifu wa fundi huanza kwa kusema hivyo. Gari dogo la familia lisilo na tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, na lisilovuta mzigo mzito, halifaidiki na kipoza cha oili ya injini. Oili inayobaki chini ya nyuzijoto 80 hivi kwa muda mrefu hushindwa kukausha unyevu na petroli inayopenya humo, na katika safari fupi za mjini matokeo yake ni utando mzito wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili. Wanaohitaji kazi hii kwa kweli ni makundi matatu: magari yaliyotoka kiwandani na kipoza ambacho mipira yake imechakaa, magari ya otomatiki ambayo kipoza chao kilichofichwa ndani ya rejeta ya maji kimetoboka, oili ya gia ikachanganyika na maji na kugeuka rangi ya chai ya maziwa, hata ikabidi kipoza cha pembeni kifungwe, na magari ya tabo, ya mizigo na ya mashindano, ambayo huipandisha oili kwenye joto lisilo la kawaida.

Shinikizo linalosifiwa na joto linalosahauliwa

Karakana za kutengeneza mipira hazikuanza kwa ajili ya magari madogo. Wateja wake wakubwa ni malori ya kumwaga mchanga, matingatinga ya barabara na mitambo ya viwanda na mashamba, kama yale ya miwa ya Lugazi na Kakira, ambavyo vyote hutumia haidroliki, yaani nguvu ya kimiminika kinachosukumwa kwa shinikizo kubwa sana. Bunda linaloning'inia ukutani kwa hiyo mara nyingi ni la mpira wa haidroliki, wenye tabaka moja au mbili za waya wa chuma uliosukwa kati ya mpira wa ndani na wa nje. Kwa viwango vya Ulaya, mpira wa namna hiyo wa nusu inchi wenye tabaka moja hupewa shinikizo la kazi la baa 160, na wenye tabaka mbili baa 275, ambapo baa 1 ni karibu sawa na shinikizo la hewa ya kawaida ufukweni. Oili ya injini ya gari, hata asubuhi ikiwa baridi na nzito, kwa kawaida haivuki sana baa 6 au 7, na njia ya kupoza oili ya gia huwa na shinikizo dogo kuliko hapo. Mpira wa haidroliki kwa hiyo una nguvu zaidi ya mara 20 ya ile inayohitajika, na ndiyo maana fundi humhakikishia mteja wake kwa moyo safi kabisa kwamba mpira huu hautapasuka.

Kauli hiyo ni kweli, ila inajibu swali ambalo injini haikuuliza. Kiwango hichohicho kinachoupa mpira baa 160 au 275 huuwekea kikomo cha joto cha takriban nyuzijoto 100 kwa kazi ya mfululizo, kwa kuwa oili ya haidroliki ya lori kwa kawaida huwa chini ya hapo. Oili ya injini, kwa upande wake, hufanya kazi kati ya nyuzijoto 90 na 110, na katika gari la tabo linalopanda mlima au lililobeba mzigo hupita 120. Mpira uliotengenezwa kwa ajili ya kunyanyua bodi la lori hauwezi kusema kwamba unaungua, bali tabaka lake la ndani hukakamaa polepole, likasinyaa chini ya pete ya chuma inayoubana, na oili ikaanza kutoka shingoni tone kwa tone. Mwenye gari anapoliona jasho hilo hudhani nguvu imepungua, akaomba mpira mnene zaidi wa tabaka mbili. Nao, kwa kuwa ni mgumu zaidi kukunja, huvuta viungo kwa nguvu zaidi, na tatizo hurudi likiwa limeongezeka.

Mpira unaofaa hujulikana kwa tabaka lake la ndani. Mpira wa naitrili, ambao hustahimili oili vizuri, hufaa kwa njia ya kurudisha oili ya gia na kwa injini isiyochemka sana, mradi uwe wa daraja linaloruhusu joto hilo. Kwa injini ya tabo, mpira wenye bomba la ndani la tefloni na koti la nje la waya usioshika kutu huvumilia zaidi ya nyuzijoto 200, na ndio unaotumika katika mashindano. Kanuni za shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, zinadai kwamba mpira wa oili wa gari la mashindano usipasuke chini ya baa 70 ukiwa katika nyuzijoto 232, na tarakimu hizo mbili zikisomwa pamoja zinafundisha mengi: shinikizo linalodaiwa ni dogo kuliko la mpira wa lori, lakini joto ni zaidi ya mara mbili. Uganda si mgeni wa kanuni hizo. Mashindano ya Pearl of Africa yako katika kalenda ya ubingwa wa mbio za magari barani, na Charles Muhangi wa Uganda alitwaa ubingwa huo wa Afrika mwaka 1999. Elimu ya joto kwa hiyo imo jijini tayari, ila haijatoka vya kutosha kwenye gari la mashindano kwenda kwenye gari la abiria.

Hesi zinazofanana zisizooana

Chanzo cha pili cha kuvuja ni hesi, yaani mistari ya mzunguko iliyochongwa kwenye bolti na nati ili vishikane. Kampala inakutanisha hesi za ulimwengu mzima: gari la Kijapani, kipoza kilichotengenezwa China, vichwa vya mpira vya mtindo wa Kimarekani vilivyoletwa kwa ajili ya mitambo, na viungo vya bomba vya Kiingereza vilivyobaki tangu ukoloni katika kazi za maji. Vingi kati ya hivyo hukaribiana kiasi cha kumdanganya mtu mwenye uzoefu. Hesi ya Kiingereza ya bomba na mojawapo ya zile za Kijapani zina mistari ileile, lakini koni zinazokutana ndani ili kuziba oili hazilingani. Nati huingia vizuri, spana hukaza vizuri, na oili hupita. Vivyo hivyo kuna vichwa vya Kimarekani vyenye koni ya digrii 37 na vingine vya digrii 45, na katika saizi ya nusu inchi vyote viwili hutumia hesi moja.

Mfano ulio hatari kuliko yote uko kwenye kiti cha filta ya oili, mahali ambapo bamba la kati hufungwa ili kuichepusha oili kwenda kwenye kipoza. Injini nyingi za Toyota zilikuwa na hesi ya robo tatu ya inchi yenye mistari 16 kwa inchi, na za Subaru na Honda zina hesi ya milimita 20 yenye hatua ya milimita 1.5. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, kwa hiyo tofauti ya unene haifiki hata milimita moja, na tofauti ya hatua kutoka mstari mmoja hadi mwingine haifiki sehemu ya kumi ya milimita. Bamba la milimita 20 huweza kuingia kwenye shina la robo tatu ya inchi likilegalega kidogo, likashika kwa ncha za mistari tu, na likang'oka asubuhi ya baridi shinikizo linapopanda. Kinga yake ni kipimo cha hesi, kifaa chenye majani ya chuma yenye meno, ambacho hulazwa juu ya hesi na kutazamwa kwenye mwanga. Ukaguzi huo huchukua muda mfupi kuliko kuvunja bolti moja iliyoshika kutu.

Wapo wanaojaribu kuponya kutolingana huko kwa tepu ya tefloni. Tepu hiyo huziba hesi za bomba zilizochongoka kuelekea nchani, lakini kwenye kiungo kinachoziba kwa koni au kwa pete ya mpira haina kazi, na vipande vyake vinavyokatika husafiri na oili hadi kwenye vijia vyembamba vya kupakia beringi mafuta.

Kazi ikitazamwa kwa karibu

Utengenezaji wa mpira mmoja ukifuatwa hatua kwa hatua huonyesha ni wapi ubora hupatikana au hupotea. Fundi hodari kwanza hupima njia kwa kamba au waya laini akiwa na gari, si kwa kukisia. Hukata mpira kwa jiwe jembamba la kukatia ili uso wa mkato uwe wima, kwa sababu kichwa kikikaa upande, mpira wa ndani hubanwa upande mmoja tu. Jiwe hilo huacha vumbi jeusi la mpira pamoja na chembe za waya ndani ya tundu, na hapo ndipo inapokuja hatua inayorukwa mara nyingi kuliko zote, nayo ni kusafisha: hewa ya kompresa hupulizwa kutoka pande zote mbili, kitambaa safi kilicholowa mafuta ya taa huvutwa kupita tunduni, kisha hupulizwa tena. Pete ya chuma huvishwa, kichwa hupakwa oili na kusukumwa hadi kifike mwisho wake, na alama huchorwa kwa kalamu kwenye ukingo ili ionekane kama kimerudi nyuma wakati wa kubana.

Mashine ya kubana huifinya pete kwa vipande vya chuma vinavyoizunguka kutoka pande zote kwa pamoja. Kipimo cha mwisho cha kipenyo chake hutolewa na mtengenezaji wa vichwa, na kukosea kunakoruhusiwa ni kwa sehemu za kumi za milimita tu. Pete ikilegea, kichwa huchomoka. Ikibanwa kupita kiasi, bomba la ndani hukatika na kuacha ulimi unaofunga njia kama mlango, kosa lisiloonekana kwa nje wala lisilotoa tone la oili, lakini huinyima injini oili. Kwa sababu hiyo kalipa, kifaa cha kupimia unene, ina kazi kubwa hapa kuliko nguvu ya mkono. Kibano cha skrubu, kile cha mipira ya rejeta, kinaweza kukubalika kwenye njia ya kurudisha oili ya gia iwapo bomba la chuma lina tuta mwishoni mwake, lakini hakina nafasi kwenye njia ya oili ya injini.

Njia na usafi

Mpira uliotengenezwa vizuri huweza kuharibiwa na njia yake. Injini hukaa juu ya maunti za mpira, yaani vishikilio vyake, na hutikisika kila gari linapoondoka au kusimama, ilhali kipoza kimefungwa kwenye bodi, kwa hiyo mpira kati yao lazima uwe na ulegevu wa kuufuata mtikisiko huo, hasa kwa kuwa mpira wa haidroliki huweza kufupika kwa hadi asilimia 4 ukijaa shinikizo. Mpira wa nusu inchi wa kiwango kilichotajwa hautakiwi kukunjwa kwa duara lenye nusu kipenyo cha chini ya milimita 180, pungufu kidogo ya shubiri moja, na nafasi hiyo haipatikani kirahisi nyuma ya bampa la gari dogo. Panapokosekana, kichwa chenye kona ndicho jibu, si kuulazimisha mpira. Mstari wa maandishi ubavuni mwa mpira ukionekana umezunguka kama kamba, mpira umesokotwa na hautadumu.

Msuguano nao hufuata methali ya wahenga kwamba bandu bandu humaliza gogo. Koti la waya usioshika kutu, ambalo wengi hulipenda kwa mng'aro wake, ni msumeno kwa chochote linachogusa: hukata mpira wa maji, ganda la nyaya za umeme na hata ukingo wa rejeta ya alumini. Dawa yake ni vishikizo vyenye mpira ndani, vilivyopangwa ili mpira usicheze, na umbali wa kutosha kutoka kwenye bomba la moshi, kwani oili inayodondokea chuma chenye nyuzijoto mamia huweza kuwaka.

Kuhusu usafi, hatari kubwa haitoki kwenye mpira mpya bali kwenye kipoza kikuukuu. Katika soko la Kisekka, kitovu cha biashara ya spea katikati ya jiji, kipoza kilichotumika hupatikana kwa urahisi, na kimechomolewa kutoka kwenye gari ambalo huenda injini yake ilikufa. Injini inapokufa, chembe za beringi zilizosagika husafiri na oili na kutulia katika vijia vya kipoza, na hakuna petroli wala hewa ya kompresa inayoweza kuhakikisha zote zimetoka. Anayefunga kipoza cha namna hiyo huhamishia injini nzima ugonjwa uliomuua mtangulizi wake. Fedha ikiwa haba, ni afadhali mipira iwe ya kawaida na kipoza kiwe kipya, kuliko mipira ya fahari kwenye kipoza cha mashaka.

Gharama ya kukosea

Ukubwa wa jambo hili huonekana kwa hesabu fupi. Injini ya gari dogo hubeba takriban lita 4 za oili, na pampu yake katika mwendo wa barabara kuu huweza kusukuma zaidi ya lita 20 kwa dakika, kwa hiyo mpira ukichomoka kabisa, oili yote huweza kumwagwa barabarani kabla ya dakika moja kwisha. Taa nyekundu ya oili huwaka shinikizo likiwa limeshaanguka karibu na sifuri, na dereva aliye kwenye foleni ya Northern Bypass akiamua kujisogeza hadi pembeni pa barabara hulipa uamuzi huo kwa injini. Mpira wa siku moja ya kazi huweza hivyo kuteketeza akiba ya mwaka ya dereva wa teksi.

Jiji nalo hulipa. Oili inayomwagika katika gereji na mitaa ya katikati ya Kampala huoshwa na mvua hadi kwenye mfereji wa Nakivubo, na mfereji huo humwagika katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, ghuba ambayo mitambo ya Ggaba huchota maji yanayosafishwa na kurudishwa kwa wakazi wa jiji. Kiungo kinachovuja kwa hiyo si siri kati ya fundi na mteja wake.

Kinachokosekana

Haiwezekani kuhitimisha kwamba tatizo ni uhaba wa ustadi. Mafundi wa Katwe, mtaa uliojijengea jina kwa kazi za chuma, na wenzao wa Kisekka, hurekebisha kila siku mambo magumu kuliko mpira wa oili. Mashine za kubana zipo, na mpira wa tefloni unaweza kuagizwa. Kinachokosekana ni kumbukumbu. Mpira ukivuja baada ya miezi mitatu, mteja huenda kwa fundi mwingine, naye aliyeutengeneza hajui kamwe kwamba ulivuja, wala kwa nini. Kosa lake halimfundishi, na aliyefanikiwa hajui ni kipi kilichomfanikisha.

Kila mpira hutoka kiwandani na maandishi ubavuni: kiwango, saizi, shinikizo, na mara nyingi tarehe ya kutengenezwa. Fundi anayeyasoma mbele ya mteja, akaongeza kibandiko cha bati chenye tarehe ya kubana, aina ya hesi ya kila upande, kipimo cha pete na jina la karakana, kisha akalitaka gari lirudi baada ya kilomita 1,000 ili viungo vikaguliwe, huwa ameugeuza mpira kuwa ushahidi. Nakala ya maneno hayohayo ikiandikwa katika daftari la shilingi chache, baada ya mwaka mmoja karakana itakuwa na elimu ambayo hakuna kitabu cha Japani wala cha Ulaya kinachoweza kuipa: ni mpira gani unaodumu katika foleni za Kampala, juu ya injini gani, na kwa njia ipi.